Kompyuta Mpya Imefika Tanga na Boksi Limepondeka: Cha Kufanya Kabla ya Kusaini na Kabla ya Kuwasha

Kompyuta nyingi mpya zinazoingia Tanga hununuliwa Dar es Salaam, zikapakiwa kwenye basi na kushushwa stendi ya Kange baada ya safari ya kama kilomita 350. Njiani boksi hulaliwa na magunia, husukumwa huku na huko kila buti linapofunguliwa Chalinze, Segera au Muheza, na msimu wa masika huloa. Boksi kuchanika au kubonyea ni jambo la kawaida. Hasara huletwa zaidi na yale ambayo mpokeaji huyafanya katika nusu saa ya kwanza: anasaini kitabu bila kuandika neno, anapakia mzigo kwenye bodaboda, anafika nyumbani na kuchana boksi, anatupa stairofomu, anachomeka umeme. Mashine ikigoma kuwaka, hana tena ushahidi wa kumwonyesha mtu. Muuzaji atasema ni basi, watu wa basi watasema ilitoka hivyo dukani, na wote wawili watauliza kwa nini alisaini.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, na usiupindue: tazama boksi, piga picha, andika hali yake, ndipo usaini. Nyumbani fungua taratibu, kagua kwa macho na mikono, ndipo uwashe. Kuwasha ni hatua ya mwisho.

Kabla mzigo haujaondoka Dar

Kama bado hujalipa au mzigo haujapakiwa, mwombe muuzaji vitu vinne: picha ya boksi likiwa limefungwa, picha ya lebo yenye namba tambulishi ya mashine (ile iliyotanguliwa na herufi S/N), risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) yenye jina lako na modeli ya kompyuta, na risiti ya mzigo iliyoandikwa "kompyuta" pamoja na thamani yake. Risiti nyingi za mabasi huandikwa "boksi 1" tu. Boksi moja linaweza kuwa la viatu, na ukidai milioni na nusu kwa risiti ya namna hiyo utabishana mpaka uchoke. Soma pia maandishi madogo ya nyuma ya risiti, kwa kuwa hapo ndipo kampuni huweka mipaka ya fidia.

Kuna jambo la kisheria ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, muuzaji akishamkabidhi msafirishaji mzigo wako, kwa kawaida huhesabiwa kuwa amekukabidhi wewe, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Basi kubalianeni vinginevyo. Ujumbe mmoja wa WhatsApp unatosha: "Mzigo unabaki kuwa dhamana yako mpaka nitakapoupokea na kuukagua Tanga." Akijibu "sawa", umeokoa mabishano ya wiki nzima. Akikataa, angalau umejua kwamba mzigo ukiharibika njiani wa kudaiwa ni msafirishaji, na utakuwa makini zaidi na risiti yake.

Kwenye dirisha la mizigo: soma boksi

Usichukue boksi likikabidhiwa ukageuka nalo. Liweke juu ya meza au benchi penye mwanga, ulizungushe pande zote sita. Kila aina ya jeraha ina maana yake, na jeraha linalotisha machoni si lazima liwe ndilo lililofika ndani.

*Kona iliyobonyea.* Hii ndiyo ya kuogopa kuliko zote, hata ikiwa ndogo. Boksi likianguka kwa ubapa, nguvu hutawanyika kwenye upande mzima. Likianguka kwa kona, nguvu yote hupita sehemu moja na kuingia moja kwa moja kwenye kona ya stairofomu, kisha kwenye kona ya mashine. Kwa laptopu, hapo ndipo penye bawaba na ukingo wa kioo. Kona iliyozama zaidi ya sentimita mbili au tatu ichukulie kama mashine yenyewe imepigwa, mpaka ukaguzi uthibitishe vingine.

*Mchaniko wa juu juu.* Karatasi ya nje ikichanika kwa kukwaruzwa na ncha ya chuma ndani ya buti, huwa inatisha bila sababu. Ingiza ncha ya kidole uone kina chake. Kama kadibodi ya ndani bado ni nzima, mara nyingi hakuna kilichotokea. Tundu lililopenya hadi ndani ni habari nyingine.

*Upande mzima ulioingia ndani.* Boksi limebebeshwa uzito. Kompyuta ya mezani inaweza kustahimili, lakini kioo cha laptopu au monita hakipendi kukandamizwa. Mpasuko wa aina hii hauonekani kwa nje, unaonekana kioo kikiwaka.

*Unyevu.* Gusa sehemu ya chini ya boksi kwa kiganja. Kadibodi iliyoloa hulegea na kubadilika rangi, na hata ikikauka huacha mstari wa kahawia pale maji yalipofikia. Nusa pia. Maji ya mvua hayana harufu, lakini mabasi ya ukanda wa pwani hubeba ndoo za samaki, na maji ya samaki yana chumvi. Chumvi huendelea kula chuma cha ndani hata baada ya maji kukauka.

*Selotepu mbili.* Ukiona selotepu moja imebandikwa juu ya nyingine, au sili ya kiwanda imekatwa na kufunikwa, hilo halikusababishwa na safari. Boksi limefunguliwa. Huenda muuzaji alifungua kwa nia njema ili aijaribu, huenda kitu kimebadilishwa. Linganisha namba tambulishi ya kwenye lebo na ile ya kwenye picha uliyotumiwa, hapo hapo dirishani.

*Stika ya mshtuko.* Baadhi ya maboksi huwa na kijistika chenye kichupa kidogo ambacho hugeuka chekundu mzigo ukipigwa kupita kiwango kilichoandikwa juu yake, mfano 25G au 50G. Kikiwa chekundu hakithibitishi kwamba mashine imeharibika, na kikiwa cheupe hakithibitishi kwamba ni nzima. Kipige picha, kiandike kwenye kitabu, kisha uendelee kukagua.

Mwisho wa kutazama, liinamishe boksi polepole upande mmoja, kisha wa pili, huku umesogeza sikio. Usilitikise. Kitu kizito kinachoteleza ndani maana yake stairofomu imevunjika. Mlio mdogo wa skrubu inayobingirika ni dalili mbaya zaidi, hasa kwa kompyuta ya mezani. Na kama ofisi ina mizani, pima: lebo ya kiwandani mara nyingi huandikwa uzito wa jumla kwa herufi G.W. Tofauti ya gramu mia inaweza kuwa ya mizani tu, lakini kilo nzima ikipungua, kuna kitu hakimo.

Picha, na namna ya kuzitunza

Piga picha pande zote sita, kona zote zilizoumia kwa karibu na kwa mbali, lebo ya usafirishaji, lebo ya namba tambulishi, na picha moja inayoonyesha boksi likiwa bado mezani pa ofisi ya mizigo. Picha hii ya mwisho ndiyo inayoonyesha kwamba uharibifu ulikuwepo kabla hujaondoka. Weka rula, au hata noti ya elfu kumi, kando ya mchaniko ili ukubwa uonekane.

Zihifadhi kama zilivyo kwenye simu. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza ubora na kuondoa taarifa za saa na tarehe zilizofichwa ndani yake. Ukizituma kwa muuzaji, zitume kama dokumenti, na zile za asili usizifute mpaka mambo yaishe.

Andika kabla ya kusaini

Hapa watu wengi huona aibu. Karani ana haraka, nyuma kuna foleni, na kitabu kimeshafunguliwa kwenye mstari wako. Salimia vizuri, ongea kwa upole, lakini usisaini mstari mtupu.

"Mwanangu, naomba niandike hali ya boksi kwanza."

"Saini tu mama, mzigo si umeshaupata?"

"Nimeupata, lakini umefika umebonyea, na wewe hukuubonyeza. Tuandike ili baadaye asije mtu akakusingizia."

Ukiliweka hivyo, karani hukubali, kwa sababu maandishi hayo yanamlinda na yeye. Cha kuandika kiwe kifupi na kinachopimika: "Boksi limefika likiwa limebonyea kona ya chini kulia na kuchanika upande wa juu, sentimita 12. Yaliyomo hayajakaguliwa." Tarehe, saa, namba ya basi, jina lako, sahihi yako na ya karani. Piga picha ukurasa huo. Kama kitabu kimechapwa maneno "nimepokea mzigo ukiwa salama", yakate kwa mstari mmoja, andika yako juu yake, kisha saini pembeni ya mstari.

Maneno "hayajakaguliwa" yana uzito. Sheria inampa mnunuzi nafasi ya kukagua bidhaa kabla ya kuhesabiwa kuwa ameikubali, lakini ni rahisi zaidi kuitetea nafasi hiyo ikiwa uliiandika.

Kupokea au kukataa?

Wapo wanaoshauri kukataa kila boksi lenye alama. Ushauri huo haufai kwa mtu wa Tanga. Boksi likirudishwa Dar litapita barabara ile ile, ndani ya buti lile lile, na kadibodi iliyokwisha kulegea. Boksi lenye kona iliyobonyea kidogo au mchaniko wa nje lipokee kwa maandishi, ulikague nyumbani siku hiyo hiyo.

Kataa papo hapo ikiwa maji yanadondoka au harufu ya samaki imeingia ndani, ikiwa tundu limepenya mpaka kwenye mashine, ikiwa namba tambulishi hailingani, ikiwa boksi liko wazi na chaja au kitu kingine hakimo, au ikiwa linatoa harufu ya kuungua au harufu tamu ya kemikali. Harufu hiyo tamu ni ya betri ya lithiamu iliyotoboka. Boksi la namna hiyo litolewe nje, mbali na mizigo mingine, na mtu asiliweke ndani ya gari. Ukikataa mzigo, andika sababu kwenye kitabu kile kile na upige picha. Kisha mpigie muuzaji ukiwa bado umesimama hapo.

Kutoka Kange hadi nyumbani

Chukua bajaji. Boksi likae kwenye kiti, mishale ikitazama juu, ukiwa umelishika. Bodaboda yenye boksi kati ya dereva na abiria imemaliza kazi ambayo basi halikuimaliza kwa kompyuta nyingi.

Kufungua

Kama mashine imetoka kwenye baridi kali ya kiyoyozi, iache ndani ya boksi lililofungwa saa mbili tatu mpaka ifikie joto la chumba. Hewa ya Tanga ina mvuke mwingi, na chuma baridi kikikutana nayo hutoka jasho, matone madogo yanayokaa hadi kwenye mazabodi (bodi kuu ya ndani).

Ukiwa tayari, mwombe mtu akurekodi video moja isiyokatwa, ikianzia kwenye lebo na namba tambulishi, ikiendelea unapokata selotepu mpaka mashine ikiwa mezani. Toa wembe wa kisu milimita tano tu, ukate katikati ya selotepu. Usikate lebo. Kabla hujanyanyua chochote, piga picha stairofomu ikiwa mahali pake: ufa wa stairofomu ulio sambamba na kona iliyobonyea ni ushahidi mzuri kuliko maelezo yoyote, na ukishaitoa huwezi kuurudisha ulivyokuwa. Panga vitu vyote mezani, uvilinganishe na orodha iliyomo. Usitupe kitu, hata mfuko wa plastiki.

Ikiwa maji yamefika ndani ya boksi lakini mashine inaonekana kavu, ifute kwa kitambaa kikavu, ifungue kama hema kichwa chini ikiwa ni laptopu, uiache mbele ya feni kwa saa 24 hadi 48. Usiianike juani, usitumie mashine ya kukaushia nywele, na usiizike kwenye mchele. Mchele haunyonyi maji yaliyo chini ya chipu, na vumbi lake la wanga huingia kwenye feni na matundu ya nyaya. Kama maji yaliyoingia ni ya chumvi, usiikaushe wala usiiwashe. Mrudishie muuzaji.

Laptopu: ukaguzi kabla ya kuwasha

Iweke mezani ikiwa imefungwa, meza iwe bapa kabisa, kisha bonyeza kona moja moja kwa kidole. Ikiyumba, kasha limepinda au miguu ya mpira haiko sawa. Pitisha macho kwenye mwanya kati ya kifuniko na sehemu ya chini: unatakiwa kuwa sawa kutoka kushoto hadi kulia. Mwanya uliopanuka upande mmoja unaonyesha bawaba iliyopigwa.

Fungua kwa kushika katikati ya ukingo wa juu, si kona, tena polepole. Sikiliza mlio wa plastiki inayokatika karibu na bawaba. Kisha zima taa za chumba, washa tochi ya simu na uilaze ubavuni mwa kioo ili mwanga upite juu yake kwa mlalo. Mpasuko mwembamba ambao mchana hauuoni hung'aa kama uzi. Usikibonyeze kioo kukipima.

Gusa eneo la kugusia mshale na sehemu ya chini. Kama kuna uvimbe, au eneo hilo limeinuka na halibonyezeki vizuri, betri imevimba. Usiichaji, usijaribu kuitoboa au kuikandamiza irudi.

Kompyuta ya mezani: fungua ubavu

Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayookoa pesa nyingi zaidi. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna vitu vizito vinavyoning'inia. Kadi kubwa ya picha inaweza kuzidi kilo moja na nusu na imeshikwa na skrubu moja au mbili pamoja na kilimi cha plastiki. Feni ya prosesa yenye mnara mkubwa wa alumini inaweza kufika kilo moja au zaidi. Boksi likianguka, vitu hivi huchomoka nusu. Ukiwasha kadi ikiwa imekaa upande, unaweza kuunguza kadi na mazabodi kwa pamoja.

Kama kuna stika ya dhamana juu ya skrubu za ubavu, mwulize muuzaji kwa maandishi kabla ya kufungua, na usubiri jibu. Kama haipo, hakikisha waya wa umeme haujachomekwa, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli utoke mwilini, kisha legeza skrubu mbili za nyuma na uvute ubavu. Kama ubavu ni wa kioo, laza kasha kwanza ili kioo kisidondoke skrubu zikitoka.

Angalia kwa mpangilio huu. Kwanza, kuna mfuko wa povu ndani? Kompyuta zilizounganishwa kiwandani mara nyingi huwekewa povu gumu la kushikilia kadi wakati wa safari. Litoe lote. Ukiwasha likiwemo, feni hazizunguki na joto halitoki. Pili, kadi ya picha: ukingo wake wa dhahabu uwe umezama wote kwenye tundu, usawa uleule mwanzo hadi mwisho, na kilimi kiwe kimefunga. Tatu, feni ya prosesa: ishike kwa vidole viwili uisukume kidogo sana. Haitakiwi kucheza. Ikicheza, gundi ya kupitisha joto iliyo chini yake imeshavurugika na lazima ipakwe upya. Nne, RAM (vibao vya kumbukumbu): vishikizo vya ncha viwe vimebana. Tano, nyaya: ule mpana wa pini 24, ule wa pini 8 karibu na prosesa, na nyaya za diski. Sita, skrubu zilizolegea chini ya kasha. Ukiikuta moja, tafuta ilikotoka kabla hujaendelea, kwa sababu skrubu iliyokaa chini ya mazabodi huleta shoti. Kama ina mfumo wa kupoza kwa maji, pangusa viungo vya mipira kwa karatasi nyeupe uone kama inaloa.

Kadi iliyolegea unaweza kuibana mwenyewe. Lakini kabla hujaigusa, ipige picha ikiwa imelegea.

Kuwasha

Umeme wetu ni volti 230. Baadhi ya pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), hasa za zamani au za bei ya chini, zina swichi ndogo nyekundu nyuma yenye 115 na 230. Mtikisiko au kidole cha mtu huweza kuisogeza. Ikiwa iko kwenye 115, itapasuka mara tu utakapowasha. Itazame kila mara.

Chomeka kwenye soketi yenye swichi au UPS ili uweze kuzima kwa mkono mmoja. Laptopu iweke juu ya sakafu ya saruji au vigae, si kitandani, kwa saa ya kwanza ya kuchaji, na usiiache peke yake wala usiichaji usiku wa kwanza mkiwa mmelala. Sikiliza: feni inayokwaruza imegusa waya. Hadi diski (hard disk, diski yenye sahani inayozunguka) inayogonga "ka, ka, ka" imeumia kichwa chake cha kusomea. Zima mara moja, kwa kuwa kila sekunde inaiharibu zaidi. SSD, ile diski ya chipu, haina sehemu inayozunguka na hustahimili kipigo vizuri, ingawa skrubu yake inaweza kulegea na mashine ikadai haina diski.

Vipimo vya siku ya kwanza

Anza na vipimo vya kiwandani vilivyomo ndani ya mashine yenyewe. Kwenye HP nyingi bonyeza Esc wakati inawaka kisha F2, kwenye Dell bonyeza F12 uchague Diagnostics. Mac yenye chipu ya Apple, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka machaguo yatokee, kisha Command na D. Vipimo hivi hutoa namba ya kosa ambayo muuzaji hawezi kuibishia.

Kwenye Windows, fungua PowerShell uandike `Get-CimInstance Win32_BIOS`. Namba itakayotokea mbele ya SerialNumber lazima ifanane na ya kwenye boksi na ya chini ya mashine. Kwa kompyuta iliyounganishwa na fundi dukani sehemu hiyo inaweza kuwa tupu, hilo lisikushtue. Kisha andika `powercfg /batteryreport`. Itakuambia faili imehifadhiwa wapi. Ifungue ulinganishe DESIGN CAPACITY (ujazo wa betri kama ilivyotengenezwa) na FULL CHARGE CAPACITY (ujazo wake wa sasa). Betri mpya zinakaribiana sana. Ikiwa ya pili ni asilimia 80 ya ya kwanza, hiyo si betri mpya, na swali lako kwa muuzaji halihusu basi tena.

Programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakuonyesha saa ambazo diski imefanya kazi. Mashine mpya huwa na saa chache. Mamia ya saa yanaonyesha kuwa imetumika. Kwa hadi diski, mistari ya Reallocated Sectors Count na Current Pending Sector Count iwe sifuri. Andika `mdsched` kwenye sehemu ya kutafutia ili RAM ipimwe kompyuta ikijiwasha upya.

Kioo kijaribu kwa kufungua picha za rangi moja zinazojaza kioo kizima: nyekundu, kijani, bluu, nyeupe, nyeusi. Nyeusi, taa zikiwa zimezimwa, ndiyo inayofichua sehemu zilizokandamizwa, kwani huonekana kama mawingu meupe pembeni. Jaribu kila tundu la USB kwa flashi moja, HDMI, spika, kamera, maiki, Wi-Fi, na kila herufi ya kibodi. Tikisa kidogo plagi ya chaja uone kama inakata. Mwisho iache ifanye kazi nzito saa moja, video yenye ubora mkubwa inatosha. Kiungo kilichopasuka nusu hufanya kazi kikiwa baridi na kugoma kikipata moto.

Ikiwa umekuta kasoro

Andika siku hiyo hiyo. Usipige simu tu. Ujumbe uwe na mambo haya: namba ya risiti ya EFD, namba ya risiti ya mzigo, namba tambulishi, hali ya boksi kama ilivyoandikwa kitabuni, kasoro uliyoikuta na namba ya kosa kama ipo, picha na video, na unachotaka: kubadilishiwa, kutengenezewa au kurudishiwa pesa. Mtumie muuzaji na ofisi ya mizigo kwa pamoja, kila mmoja aone kwamba mwenzake ameandikiwa. Usimpe fundi wa mtaani aifungue laptopu kabla hujajibiwa. Akishaifungua, kila kasoro itakuwa yake.

Mzigo ulioagizwa nje na kuja kwa ndege una muda wake: kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya mzigo ulioharibika yanatakiwa yawasilishwe kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea. Ukichelewa, dai lako dhidi ya shirika la ndege linakufa.

Wakikuzungusha, usafirishaji wa vifurushi na vipeto unasimamiwa na TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), mabasi yanasimamiwa na LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini), na mambo ya muuzaji na haki za mlaji yanakwenda Tume ya Ushindani, FCC. Peleka nakala za karatasi zako, za asili baki nazo.

Ikibidi kurudisha mashine, usitumie tena boksi lililopondeka peke yake. Lifungie ndani ya boksi kubwa zaidi, lenye nafasi ya sentimita tano kila upande, ujaze vipande vya sponji ya godoro vilivyobana. Makumbi na maranda ya mbao yasitumike, vumbi lake huingia kila mahali. Funga kwa selotepu pana mistari mitatu, mmoja katikati na mmoja kila ukingo, juu na chini. Kompyuta ya mezani yenye kadi nzito, chomoa kadi uifunge peke yake.

Na kama mashine iko salama, boksi na stairofomu vitunze mpaka muda wa kurudisha bidhaa uishe. Viweke juu ya kabati, si sakafuni: kadibodi iliyokaa chini hunyonya unyevu, na mchwa huimaliza kabla dhamana haijaisha.